Picha ya tembo inamsaidia nani? Swali kutoka mpakani mwa hifadhi

Mwalimu wa Kilombero aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mwalimu wa sekondari katika kijiji kinachopakana na Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, upande wa bonde la Kilombero, na ni mlezi wa klabu ya Malihai, yaani klabu ya uhifadhi wa wanyamapori, ya shule yetu. Miaka minne iliyopita nilinunua kamera iliyokwisha kutumika pamoja na lenzi moja ndefu, na tangu hapo likizo zangu nyingi zimeishia Mikumi, kwa kuwa ndiko ninakoweza kufika kwa basi na kuomba nafasi katika gari la wenzangu. Nimekusanya picha za kutosha, nyingine nzuri kuliko nilivyotarajia, nami niliamini, kama tunavyoambiwa katika kila semina, kwamba mtu akimwona mnyama kwa karibu atampenda, na akimpenda atamlinda.

Mwezi uliopita nilichapisha picha ishirini na nne, wanafunzi wakazining'iniza kwa vibanio vya nguo kwenye kamba tuliyoifunga kati ya miembe miwili karibu na ofisi ya kijiji, siku ya gulio. Watu walikuja wengi. Mbele ya picha ninayoipenda kuliko zote, tembo dume aliyeinua mkonga huku jua likizama nyuma yake, alisimama bibi mmoja ambaye mjukuu wake ni mwanafunzi wangu. Aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwalimu, huyu ulimpiga picha akiwa ameshiba mpunga wa nani?" Watu walicheka, nami nikacheka nao, lakini usiku ule sikulala vizuri.

Kilichonishangaza zaidi ni picha iliyowakusanya watu. Ilikuwa moja niliyotaka kuiacha nyumbani kwa sababu haina uzuri wowote: swala pala aliyelala kwenye lami ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa, ambayo inaipasua Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita takriban 50, mguu mmoja ukiwa umekunjwa chini ya tumbo kana kwamba alikuwa anajaribu kuinuka. Vijana wa bodaboda na utingo mmoja wa lori walibishana mbele ya picha ile juu ya mwendo wa mabasi ya usiku hadi gulio likaanza kufungwa.

Swali langu ni hili. Je, picha nzuri ya mnyamapori inahifadhi chochote, na kama inahifadhi, ni mbele ya macho ya nani? Klabu ina fedha kidogo za maonyesho mengine, na nisingependa kuzitumia kujisifia.

Dereva wa Nyika alijibu:

Mwalimu, pokea salamu kutoka Karatu. Nimewaendesha wageni Serengeti, Ngorongoro na Tarangire kwa miaka kumi na saba, na niruhusu nianze na upande ambao wapiga picha hawapendi kuusikia, maana sisi madereva ndio tuliokuwa tumeshika usukani.

Mgeni aliyebeba lenzi ya bei ya gari mara nyingi hakuja kumtazama mnyama. Amekuja kuichukua picha aliyokwisha kuiona mahali fulani, na siku zake ni tatu. Redioni simba tulimwita "sharubu" ili wageni wasielewe na kuanza kutuharakisha. Likitajwa jina hilo, robo saa baadaye magari yalikuwa yamejipanga kama kwenye mnada. Mwaka mmoja, na hili nalisema kwa aibu, niliiacha njia ili kumzunguka duma jike mwenye watoto wanne, kwa sababu mgeni wangu alitaka mwanga umwangukie usoni. Duma alikuwa amejibana kwenye nyasi akimvizia swala tomi. Gari lilipokata kona, swala aliinua kichwa na kutimka. Duma hakumfukuza hata hatua moja. Alikaa, akatutazama, kisha akaondoka na watoto wakimfuata mmoja nyuma ya mwingine. Mgeni aliipata picha ya uso ule, na ilikuwa nzuri kweli, nami nikapata bakshishi ya dola hamsini. Mwajiri wangu wa wakati huo hakuuliza kitu.

Baadaye nilisoma kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 2018 juu ya duma wa Maasai Mara. Katika maeneo yenye watalii wengi, duma jike alifanikiwa kulea kwa wastani watoto 0.2 kwa kila uzao hadi wakajitegemea, ilhali katika maeneo yenye watalii wachache wastani ulikuwa 2.3. Niliposoma tarakimu hizo nilimkumbuka yule duma na wanawe wanne.

Hata tuzo kubwa zimewahi kuingiwa na doa. Picha ya mbwa mwitu wa Ulaya akiruka lango, iliyoshinda mwaka 2009 katika shindano la wapiga picha wa wanyamapori linaloendeshwa na makumbusho ya historia ya viumbe ya London, ilinyang'anywa ushindi miezi michache baadaye kwa sababu waamuzi waliona kuwa yaelekea mnyama yule alikuwa wa kufugwa.

Kwa hiyo kabla ya swali lako la macho ya nani, mimi ningetanguliza lingine: picha ilipatikanaje? Chini ya kila picha utakayoitundika andika ulikuwa umbali gani, na mnyama alifanya nini gari lilipofika na lilipoondoka. Wanafunzi watajifunza zaidi kutoka katika mstari huo mmoja kuliko kutoka katika jua linalozama.

Fundi wa Kamera Mtego alijibu:

Mwalimu, sisi ni majirani, kwa kuwa nimefanya kazi ya kufunga kamera mtego, zile zinazopiga picha zenyewe kitu kikipita mbele yake, katika misitu hiyohiyo unayoiona ukiwa darasani. Picha zangu hakuna anayezitundika ukutani. Unafunga sanduku kwenye mti kwa urefu wa goti, unaliacha mwezi mzima, na ukirudi unakuta sisimizi wamejenga ndani, kioo kimeshika ukungu, na picha mia tatu ni za jani moja lililokuwa likipeperushwa na upepo. Halafu katika picha ya mia tatu na moja, saa tisa usiku, anapita mnyama ambaye hakuna aliyejua kuwa yupo.

Sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Mwaka 2005 kamera za aina hiyo zilimnasa katika misitu ya Udzungwa sange (mnyama mwenye pua ndefu kama mkonga mdogo) mwenye uso wa kijivu, ambaye mwaka 2008 alitambuliwa rasmi kuwa spishi mpya. Kipunji naye ana kisa chake. Watafiti walipata habari zake kutoka kwa wawindaji na wanavijiji wa Rungwe waliokuwa wakimtaja kima mmoja mwenye haya nyingi; wakamwona kwa macho yao mwaka 2003, na baadaye akaonekana pia katika msitu wa Ndundulu huku kwetu. Alipotangazwa mwaka 2005, maelezo yake ya kisayansi yaliegemea picha badala ya ngozi na fuvu, kwa sababu wagunduzi hawakutaka kumuua mnyama wa kundi dogo kiasi kile ili tu wapate kielelezo cha kuweka kabatini. Wanasayansi wengine walinung'unika, na hoja zao hazikuwa za kipuuzi, lakini mimi naiheshimu picha ile kuliko zote za machweo. Mzoga uliopatikana baadaye, ambao vipimo vyake viliwaonyesha wataalamu kwamba kipunji anastahili jenasi yake mwenyewe, ulitoka katika mtego wa mkulima aliyekuwa akilinda mahindi yake Rungwe. Unaona, Mwalimu, kwamba lile swali la yule bibi lilikuwako tangu siku za mwanzo kabisa za kumfahamu mnyama huyu.

Kuna kazi nyingine ambayo wanafunzi wako wanaiweza. Januari 2016, kaskazini mwa Kenya, wananchi wa kawaida waligawiwa maeneo na kuombwa wawapige picha punda milia wa Grevy ubavu wa kulia tu. Kwa kuwa milia ya kila mmoja ni yake peke yake kama alama za vidole, picha zile zilitoa makadirio ya punda 2,350, na zoezi lilipofanywa tena mwaka 2018 wakawa 2,812. Kwa kazi kama hiyo picha si lazima iwe nzuri. Inatosha ubavu uwe wa kulia, na tarehe na mahali pawe sahihi.

Neno moja la tahadhari, ingawa linatoka kidogo kando ya swali: kamera mtego hainasi wanyama peke yao. Imewahi kutunasia akina mama wakitafuta kuni. Picha za namna hiyo tulizifuta, tukaenda kuwaeleza wenye kijiji kamera ziko kwa madhumuni gani. Tungenyamaza, wangezivunja zote, na sijui kama ningewalaumu.

Mama Furaha wa Goma alijibu:

Ndugu Mwalimu, mimi ninaandika kutoka Goma, mashariki mwa Kongo, na milima ya Hifadhi ya Virunga tunaiona kila asubuhi mawingu yakiruhusu.

Julai 2007 gorila, ambao sisi huku tunawaita ngagi, waliuawa kwa risasi ndani ya hifadhi, na mmoja wao alikuwa Senkwekwe, dume mkuu wa familia yake. Hakuna aliyekata nyama wala kuchukua mtoto wa kuuza. Mpiga picha Brent Stirton, raia wa Afrika Kusini, alikuwapo wakati wanaume walipoubeba mwili ule kuutoa msituni, wakiwa wameufunga kwa kamba kwenye miti iliyofungamanishwa kama jeneza, mikono mikubwa imetandazwa, wabebaji wengi wakijipenyeza katika majani mabichi. Picha hiyo ilienea ulimwenguni, na watu wa mbali wakaanza kuuliza nani amefanya hivi na kwa faida gani. Jibu lilielekea kwenye makala, ambayo ninyi mnayaita mkaa: msitu wa hifadhi ulikuwa unachomwa ili sisi wa mjini tupike, na ngagi, pamoja na walinzi wake, walikuwa kikwazo kwa wenye biashara hiyo.

Nimeifikiria picha hiyo mara nyingi, na naona nguvu yake haikutoka kwa ngagi peke yake. Ilitoka kwa wale wabebaji. Mzungu aliyezoea kuambiwa kwamba Mwafrika ni adui wa mnyama aliwaona watu wanaombeba mnyama kama mtu anavyobebwa kwenda kuzikwa na jamaa zake. Na sisi wenyewe tuliona jiko letu, ingawa halikuwamo ndani ya picha.

Miaka mingi baadaye ilikuja picha ya aina nyingine kabisa. Mwaka 2019 mlinzi mmoja alijipiga kwa simu, na nyuma yake ngagi wawili wamesimama wima kama ndugu waliokuja kutembea, mmoja wao akiwa Ndakasi, aliyeokolewa mwaka uleule wa 2007 akiwa amemkumbatia mama yake aliyekwisha kufa. Watu walicheka, wakaipenda. Septemba 2021 Ndakasi alikufa mikononi mwa mlezi wake André Bauma, na picha ya kichwa chake kifuani mwa mtu yule iliwaliza hata wale waliocheka mwanzo. Lakini Aprili 2020, kati ya picha hizo mbili, walinzi 12 waliuawa kwa siku moja karibu na Rumangabo. Nyuso zao hazikuenea hata robo ya zile za ngagi.

Mwaka 2018 ngagi wa milimani walishushwa daraja moja la hatari katika orodha ya viumbe walio hatarini, idadi yao ikiwa imevuka 1,000. Nisingethubutu kusema kwamba picha ndiyo iliyofanya hivyo. Kazi ilifanywa na walinzi na madaktari wa wanyama wanaopanda mlima kila siku, pamoja na fedha za utalii. Ila kama unatundika tena, Mwalimu, tundika na watu.

Msomaji wa Nairobi alijibu:

Nakubaliana na Mama Furaha, lakini nataka kuongeza ukali kidogo.

Ukanda wetu umepigwa picha kwa ajili ya uhifadhi kwa zaidi ya karne moja, tangu Mjerumani Carl Georg Schillings alipokuwa akitega kamera na mwako wa magnesi usiku karibu na Kilimanjaro mwanzoni mwa miaka ya 1900, akiwafunga ng'ombe na punda kuwa chambo cha simba. Filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael juu ya Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na sikatai kwamba ililetea Serengeti fedha na marafiki. Lakini mwaka 1959, wakati ulimwengu ukijifunza kuitazama nyika ile kama mahali pasipo na watu, Wamaasai walikuwa wakihamishwa kutoka humo kwenda Ngorongoro. Mpiga picha anapochagua kinachoingia ndani ya fremu, anachagua pia kinachotolewa nje, na aliyeachwa nje huwa hasahau upesi.

Kuhusu macho ya nani, naona mfano mzuri ni wa Julai 1989, Rais Moi alipowasha moto tani 12 za pembe za ndovu mbele ya kamera katika Hifadhi ya Nairobi. Picha ile haikukusudiwa kumfanya mtu yeyote ampende ndovu. Ilikusudiwa kumwaibisha mnunuzi, na Oktoba mwaka huohuo biashara ya kimataifa ya pembe ilipigiwa kura ya kupigwa marufuku. Waliojua wanamlenga nani walipata walichokitaka. Kinyume chake ni Sudan, faru mweupe wa kaskazini, aliyekufa katika hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, tarehe 19 Machi 2018. Picha ya Ami Vitale inayomwonyesha mlezi Joseph Wachira akimwinamia faru yule mzee imeonwa na watu wengi mno, na ni picha ya heshima. Waliobaki wa aina yake ni majike wawili tu, Najin na binti yake Fatu. Huruma ilifika ikiwa imechelewa.

Mjukuu wa Mvuvi, Mafia, alijibu:

Kwa ufupi tu. Papa potwe wetu hapa Kilindoni hutambuliwa kwa madoa yaliyo nyuma ya matamvua, kila mmoja kwa mpangilio wake, na picha ya mtalii aliyeogelea naye asubuhi inaweza kumwambia mtafiti kwamba papa huyohuyo alikuwapo miaka mitano iliyopita. Wenzetu wa pwani ya Kenya humwita papa shilingi, kwa kuwa wahenga walisema madoa yale ni fedha alizorushiwa mgongoni. Babu yangu alimchukulia kuwa kero inayochana nyavu. Mimi nalipwa kuwapeleka watu kumtazama, na nyavu zetu bado zinachanika.

Mwalimu wa Kilombero alirudi:

Nawashukuru wote, na Mama Furaha hasa, kwa kuwa maneno yake niliyasoma mbele ya wanafunzi na hakuna aliyenong'ona.

Ndugu Dereva, mistari ya umbali tumekwisha kuiandika, na imebidi niziondoe picha tatu kwa sababu sikuweza kuandika ukweli chini yake bila kujiumbua. Pia tumekubaliana kwamba picha yoyote ya tembo mwenye pembe kubwa haitapandishwa mtandaoni kabla ya kufutwa taarifa za mahali ambazo simu huzihifadhi yenyewe ndani ya picha. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alitufundisha namna ya kuzifuta, na nilikuwa sijui kwamba zipo.

Jumamosi nilikwenda kwa yule bibi na kumwomba ruhusa ya kupiga picha shambani kwake. Tembo walikuwa wamepita usiku wa kuamkia Ijumaa. Mpunga ulikuwa umelala kwa upana wa njia ya trekta, na katika tope kulikuwa na nyayo zilizojaa maji. Nilianza kupiga kama nilivyozoea, nikipiga magoti kutafuta mwanga, naye akanitazama bila kusema neno. Kisha akaingia ndani, akarudi na sinia la bati, akaliweka juu ya unyayo mmoja. Lilizama humo likaenea barabara, pasibaki hata nafasi ya kidole pembeni. Akasimama kando yake, mikono kiunoni, akasema, "Sasa piga."

Amekubali itundikwe, kwa masharti mawili: jina lake lisiandikwe, na nakala moja ipelekwe kwa ofisa wanyamapori wa wilaya pamoja na maombi yake ya kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na tembo, ambayo mwaka jana yalirudishwa akiambiwa hakuna ushahidi wa kutosha. Nakala hiyo nimeichapisha kwa ukubwa ule niliompa tembo wa machweo. Kama kuna mwanajukwaa aliyewahi kuambatanisha picha na maombi ya namna hii, naomba anieleze kama inatosha kuandika tarehe nyuma yake, au ni lazima mtendaji wa kijiji aje aione sehemu yenyewe na kugonga muhuri, kwa sababu mvua inatarajiwa wiki hii na unyayo hautadumu.